Pindo la Khanga ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu. Ningeulizwa nieleze sura yake ningebabaika, maana kwa watu wa kwao Sepuka, na hata kwetu Ulemo nilikozaliwa, mkwe mwanamume hamkodolei macho mama wa mke wake. Unasalimia umeinamisha kichwa, unaitikiwa, unapita. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu nilichokiona sawasawa ni miguu yake: mipana, ya mkulima, visigino vimepasuka, kidole kidogo cha kushoto kimekaa upande kwa sababu ya jembe lililomwangukia alipokuwa msichana. Wangepangwa kina mama wote wa Sepuka nyuma ya pazia, miguu tu ikaonekana, ya mama yule ningeitambua bila kufikiri.

Na ni mguu uliomleta kwetu Mwankoko, Singida mjini. Alikuwa na kisukari, na chini ya kidole gumba cha kulia alikuwa na kidonda kilichoanza kwa kusuguliwa na kandambili, kikakataa kupona. Huko kijijini alikuwa anakifunga kitambaa na kuendelea kulima. Mke wangu alipokwenda kumwangalia na kusikia harufu ya kile kidonda, hakungoja ushauri wa mtu. Alimfungashia nguo zake na kuja naye mjini awe karibu na hospitali. Mama alikubali kwa sharti moja tu, kwamba mvua za kwanza zikinyesha anarudi kupanda. "Shamba langu halilimwi kwa simu," alisema.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu naifanyia barazani kwangu: sare za shule, zipu zilizokufa, suruali za watu walionenepa wasitake kukubali, na khanga nyingi za kukunja mapindo. Mke wangu anauza vitunguu sokoni, huondoka asubuhi. Watoto huenda shule. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni tulibaki wawili, mimi barazani na mama mkwe ndani, katikati yetu pazia la mlangoni. Watu wasiopaswa hata kutazamana, tumeachiwa nyumba! Siku za mwanzo nilikuwa naona haya hata kupiga chafya.

Sasa mtu akitaka kusema jambo inakuwaje? Mama ndiye aliyepata njia. Siku moja nikasikia sauti nyuma ya pazia: "Wewe cherehani, mwambie mwenye nyumba kuna mtu anapiga hodi mlango wa uani." Nilibaki nimeshika mkasi hewani. Halafu nikajibu, "Cherehani, mwambie mama nimesikia, nakwenda." Basi ikawa hivyo. Cherehani ikageuka mjumbe wetu. Asubuhi niliisikia ikiulizwa kama mwenye nyumba amekunywa chai, mchana ikiambiwa imwonye mwenye nyumba kwamba sufuria ya maharage inaungua. Mama alikuwa mtani. "Cherehani, leo mbona unalia hivyo, mwenye nyumba amekunyima mafuta?" Akishasema hivyo hucheka peke yake huko ndani, kicheko kilichozibwa.

Kuzibwa huko nilikujua. Akitoka kwenda kuota jua uani, ilibidi apite mbele yangu, na pembeni ya jicho niliona mkono wa kulia ukipandisha pindo la khanga mdomoni. Alisalimia, akauliza habari, akatania, yote kupitia kwenye kitambaa. Wanawake wa umri wake ndivyo wafanyavyo mbele ya mkwe. Niliichukulia kuwa ni heshima, na nilijisikia vizuri kuheshimiwa.

Kuna pia jambo la meno. Watu wengi wa huku kwetu tumekua tukinywa maji ya visima yenye madini yanayoyapaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Ya mke wangu ni hivyo, ya kwangu ni hivyo, na ya mama, kwa maneno ya mke wangu, yalikuwa hivyo zaidi. Ukicheka ugenini mtu anakuuliza umeanza lini kuvuta sigara. Tumezoea. Lakini mazoea hayo yametufundisha vibaya, na hili linaniudhi hadi leo, kwa sababu kila kitu cha mdomoni sisi tunakisingizia maji. Jino likiuma, ni maji. Fizi zikivimba, ni maji yetu hayo. Mdomo ukinuka, utasikia "sisi watu wa huku". Na kwa kuwa kupiga mswaki hakuiondoi ile rangi, wako wanaoona mswaki wenyewe hauna faida. Mama ujanani alisugua meno yake kwa majivu na mchanga akitaka yawe meupe kabla ya kuolewa, akajiumiza, yakabaki vilevile, akasusa.

Basi tukaanza kwenda kliniki. Mke wangu ndiye aliyempeleka, na kila aliporudi alikuwa amenuna. Sukari haishuki. Dawa anameza, najua maana cherehani iliulizwa saa kila siku ili asipitishe muda. Kidonda kinasafishwa, kinafungwa, kikifunguliwa ni kilekile. Daktari wa kliniki alikuwa mtu mpole, akauliza maswali ya chakula, na mke wangu akapata jibu lake palepale: asali. Mama alipenda asali kupita kiasi, na kwetu kuna wakati asali haikauki nyumbani. Mke wangu akalichukua dumu la asali na kulifungia kwenye sanduku la nguo.

"Mama, unakula vitu kwa siri," alimwambia jioni moja. "Sukari haiwezi kukaa juu bila sababu."

"Mimi sijalamba kitu," mama alisema.

"Mama!"

"Mwanangu, sijalamba."

Nilikuwa barazani nafunika cherehani. Sauti ile iliniingia. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyelea watoto na kuzika mume, sasa anaapa kama mtoto aliyekutwa jikoni. Nilimwonea huruma sana. Tena mimi nilikuwa shahidi, kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na masikio yangu kutwa nzima yako humo ndani. Dumu la asali likifunguliwa mfuniko wake unalia, na sikuwahi kuusikia ukilia mke wangu akiwa hayupo. Nilimwambia mke wangu hivyo. Akanijibu kwamba wakwe wa kiume siku zote wanadanganywa na mama wakwe zao.

Mimi niliona jambo jingine, ingawa sikujua maana yake. Ni kuhusu sahani. Mama alikula ndani peke yake, na sahani alizitoa mlangoni ili mke wangu akirudi azioshe. Nilizipita nikienda kunawa. Ugali ulikuwa umeliwa katikati, ule ulaini, ukoko umebaki. Mlenda umeisha wote. Nyama imeachwa. Siku tuliyochemsha mahindi mabichi, gunzi lake lilirudi na punje zote isipokuwa sehemu moja ndogo iliyokwaruzwakwaruzwa. Karanga ndiyo kabisa hakugusa. Kisha akaanza kuomba uji, uji asubuhi, uji mchana, uji hata pakiwa na kuku, na huku Singida mtu mzima kumwacha kuku akaomba uji si jambo dogo.

Halafu ikaja khanga.

Pindo lilikuwa limeachia uzi. Aliikunja vizuri, akaipitisha chini ya pazia, akasema, "Cherehani, nimekuletea kazi, lakini mwambie mwenye nyumba asijichoshe, afanye akipata nafasi." Niliifungua mezani. Fundi huanza kwa kuangalia pembe zote ili ajue aanzie wapi. Pembe tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na madoa madogomadogo ya kahawia, yaliyofuliwa yasitoke. Nilidhani ni kutu ya pini. Nilishona, nikaikunja, nikairudisha.

Baada ya muda akaleta nyingine, na hiyo nayo pembe moja ina madoa. Hapo sikushona haraka. Niliishika ile pembe, nikaipeleka kwenye mwanga, na katikati ya yale madoa ya zamani nikaona moja jipya, jekundu. Nilijifunga ile khanga kiunoni, mwanamume mzima barazani kwake, nikanyanyua mkono wa kulia kuelekea mdomoni kama nilivyomwona yeye akifanya. Iliyofika mdomoni ni pembe ileile.

Niliogopa. Kwanza nilifikiria kifua, nikasikiliza siku kadhaa kama anakohoa. Hakukohoa. Basi damu inatoka mdomoni kwenyewe. Mtu anayenitania kutwa nzima, nyuma ya kitambaa anavuja damu, na mimi nilikuwa nafurahia kuheshimiwa.

Nilimwambia mke wangu usiku huo tukila. Hata hakuacha kumega ugali.

"Ni fizi tu. Za mama zimetoka damu tangu mimi niko shule. Sisi wote kwetu, maji yetu hayo."

"Maji gani yanayotoa damu?"

"Wewe na wewe! Mtu ana kidonda mguuni, unaniletea habari za meno. Na hebu acha kuchunguza mdomo wa mama yangu, si adabu."

Hapo alinishika pabaya, kwa kuwa ni kweli. Si adabu. Mkwe kumtaja mama mkwe miguu, anapoumwa, unaweza kusamehewa. Kumtaja mdomo, meno, harufu, damu yake, hilo halisemwi hata kwa utani. Nikaendelea kula, lakini nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Siku ya kliniki iliyofuata mke wangu hakuweza kwenda, mzigo wa vitunguu ulikuwa unaingia na hakuwa na wa kumpokelea. Ikabidi niende mimi. Tulichukua bodaboda mbili, mama ya kwake na mimi ya kwangu, yangu nyuma kabisa, na nilimkataza dereva wangu asiwapite. Hospitalini nilikaa benchi la upande wa pili. Tulipoitwa, niliingia kwa sababu muuguzi alisema msindikizaji lazima aingie, nikasimama karibu na mlango, macho yangu sakafuni, mahali yalipozoea kukaa.

Kwa hiyo niliona vizuri bandeji ilipofunguliwa. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Pembeni nyama ilikuwa imegeuka rangi, na wekundu ulikuwa umepanda juu ya kidole kuelekea kwenye unyayo. Sukari ikapimwa. Daktari akavuta kiti karibu na mama.

"Mama, nitakwambia ukweli. Tukiendelea hivi, kidole hiki hakitabaki. Na tukikitoa kidole huku sukari iko juu, kile kidonda kipya nacho kinaweza kukataa kupona. Tutafika kwenye mguu. Sitaki tufike huko. Hebu niambie, unakula nini?"

 Miguu ya mama ilijivuta chini ya kiti, ule mzima ukaja juu ya ule mgonjwa kana kwamba unaufunika. Daktari akaniuliza mimi. "Baba, nyumbani anakula nini mama?"

Pale ndipo nilipolazimika kuchagua. Naweza kusema niliwaza mambo mengi, lakini si kweli. Niliwaza ile miguu inalima, na nikawaza mmoja haupo.

"Daktari," nilisema, nikiutazama ukuta, "hali kitu kigumu. Mahindi anayaacha, nyama anaiacha. Na khanga yake, pembe anayojifunikia mdomo, ina damu. Ya zamani na mpya."

 Nilisikia mama akivuta pumzi kwa nguvu. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Fungua mdomo, mama," daktari akasema.

"Mbele ya mkwe wangu?" Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumsikia sauti. "Afadhali huo mguu mkate."

Nilitoka mbio. Nje, nimeegemea ukuta, nilisikia kupitia mlangoni daktari akimwambia kwamba rangi ya meno yake haina neno, hayo ni maji ya kwetu, lakini fizi hizi, mama, fizi hizi umekaa nazo muda gani?  Tulipelekwa chumba cha meno siku hiyohiyo.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo tu. Alimwamkia mama shikamoo kwa kupiga goti kidogo, na jambo hilo lilisaidia. Mimi nilipewa kiti dirishani, nikageuzia uso nje, nikatazama paa la jengo la pili muda wote. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza alitueleza wote wawili, mimi nikiwa nimempa mgongo.

Alisema mate tunayomeza kutwa yamejaa vijidudu, kila mtu anavyo, na vingi havina shida. Mate yenyewe yanasaidia kuosha. Lakini vikiachwa chini ya fizi vinajenga ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, fizi inavimba, inachubuka, na kila fizi iliyochubuka ni mlango. Vinapita hapo na kuingia kwenye damu, kila mtu anapotafuna, kila anapomeza. Mwili unapigana navyo usiku na mchana, na mwili ulio vitani sukari yake inakuwa ngumu kushuka. Na sukari ikiwa juu, fizi nazo zinazidi kuharibika. "Ni mambo mawili yanayosukumana," alisema. "Mama, ukizikusanya fizi zako zote zenye kidonda, ni kidonda kikubwa kuliko hicho cha mguuni. Ila hicho hukioni."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si asali?"

"Nani kakwambia asali?"

 Mimi nilibana midomo nikitazama lile paa, na machozi yakanitoka. Sikuyafuta, maana mama angeona mkono ukipanda.

Yule binti alikuwa mwaminifu. Alisema hawezi kutuahidi mguu. Dawa za sukari ziendelee, kidonda kiendelee kuoshwa, na yeye ataondoa mzigo mmoja ambao mwili umekuwa ukiubeba. Meno yaliyokuwa yakicheza aliyang'oa, si yote siku moja. Mengine aliyakwangua ugaga hadi chini. Akamfundisha kupiga mswaki laini pale meno yanapokutana na fizi, taratibu, asisugue rangi. "Rangi iache, hiyo ni yako."

Nyumbani ikaja adhabu. Cherehani haikuulizwa kitu. Hakuna habari za chai, za mafuta, za maharage. Mama alipita mbele yangu kwenda uani bila kusimama, na mimi niliona miguu tu ikipita, ule wa kulia ukikwepa kukanyaga. Mke wangu nilipomsimulia yote aliinuka, akaenda kwenye sanduku, akalitoa dumu la asali, akaliweka mezani mbele ya mama yake. Kesho yake mama akalirudisha sandukuni mwenyewe, akisema hapaswi kula na hajawahi kula kwa siri. Wakalia pamoja huko ndani. Mimi nilikuwa nashona sare ya mtoto wa jirani na nilikosea mshono wa bega.

Ukimya ule uliniuma kuliko nilivyotarajia. Sikuwa nimejua kiasi gani nilimzoea yule mtu asiye na uso. Nilishona khanga za watu, na kila pembe niliyoishika ilinikumbusha nilichokisema hospitalini. Sikujuta, nitalisema wazi hilo, ningeulizwa tena ningejibu vilevile. Lakini mtu anaweza asijute na bado akahuzunika.

Kulikuwa na jambo jingine, alilonieleza mke wangu. Mama alikuwa na kawaida, watoto wakienda shule, ya kuwatemea mate kidogo utosini na kuwaombea, ndivyo bibi yake alivyomfanyia na yeye. Tangu siku ile ya chumba cha meno aliacha. Watoto waliinamisha vichwa asubuhi, akawagusa tu kwa kiganja na kuwaambia nendeni. Aliogopa kwamba miaka yote amekuwa akiwapaka wajukuu zake maradhi akidhani anawapa baraka. Mke wangu alipomuuliza yule binti, alijibiwa kwamba mate ya utosini hayajawahi kumuua mjukuu, mama aendelee kupona tu, yeye mwenyewe ataamua. Mama hakuamua haraka.

Alichofanya ni kazi. Kila asubuhi na kila jioni nilimsikia uani, mswaki, kimya, maji ya chumvi yakizungushwa mdomoni, yakitemwa chini ya mpapai. Aliifanya kwa bidii ileile ya kupalilia. Na mimi, macho yangu chini, niliangalia bandeji. Kwanza iliacha kulowa. Kisha ikawa ndogo. Kliniki sukari ikashuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena na kukaa. Siku moja ule mguu wa kulia ulipita mbele yangu na kisigino chake kikakanyaga chini chote. Nilisimamisha cherehani.

"Cherehani," sauti ikasema mlangoni. Nilishtuka, uzi ukakatika. "Mbona umenyamaza? Mwambie mwenye nyumba nimemletea kazi."

Khanga ilipita chini ya pazia. Niliifungua mezani, nikaangalia pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zote safi. Na pindo lake lilikuwa zima, halikuachia hata uzi mmoja, hapakuwa na kitu cha kushona.

"Cherehani," nilijibu, na sauti yangu haikuwa nzuri, "mwambie mama kazi nimeiona."

Mvua za kwanza zilipoanza kunukia, alifunga nguo zake. Daktari alikuwa amemruhusu kwa masharti ya viatu vya kufunika vidole na tarehe za kurudi. Asubuhi ya kuondoka watoto waliinamisha vichwa kwa mazoea tu, bila kutegemea. Mama alisimama pale kidogo. Kisha nikasikia, pfu, pfu, pfu, kichwa baada ya kichwa, na yule mdogo akacheka kwa sababu ilimtekenya.

Nilimwona tena wakati wa mavuno. Nilikwenda Sepuka na mke wangu kusaidia kubeba mahindi na alizeti. Nilifika kwanza mimi, mke wangu alisimama njiani kusalimia watu. Uani hapakuwa na mtu. Nilikaa kwenye kigoda, nikasubiri, kichwa chini kabla hata hajaja. Viatu vikatokea upande wa shamba, vya kufunika vidole, vina tope mpaka juu. Vikasimama mbali kidogo na mimi, kama adabu inavyotaka. Vyote viwili vilikanyaga sawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja bila mjumbe wako leo? Nani atanisemea kwako?"

"Nimeiacha nyumbani, mama. Imegoma kupanda basi."

Alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, maana nilichokuwa nimezoea kilikuwa cha ndani ya kitambaa. Sikunyanyua macho. Niliyaacha pale pale chini, kwenye vile viatu vyenye tope, na kando ya magoti yake niliiona pembe ya khanga ikining'inia, ikitikiswa na kicheko, wala haikupanda.